Kabla Hujapanda Basi: Vidokezo 11 kwa Fundi Mitambo wa Kesho Kutoka Ushirombo

Asubuhi Ushirombo ina redio nyingi kuliko majogoo. Ya kwanza iko kwa muuza chai pale stendi, ya pili kwenye kibanda cha fundi pikipiki, ya tatu ndani ya lori lililolala njiani kuelekea Rwanda au Burundi. Ukitoka nje ya mji, kwenye maduara, yaani mashimo, ya wachimbaji wadogo, utaikuta nyingine imening'inizwa kwenye gogo, betri zake zimekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Wasikilizaji wanawajua watangazaji kwa majina, na wanajua hata nani anacheka vipi. Mwisho wa kipindi mtangazaji anasema harakaharaka, "Kwenye mitambo nilikuwa na fulani," na jina hilo linapita kabla hujalishika.

Vidokezo hivi ni vya kijana anayetaka kuwa huyo fulani. Kama umemaliza Kidato cha Nne hapa Bukombe, Mbogwe, Kahama au Geita, na unafikiria kusomea teknolojia ya utangazaji wa redio na televisheni, soma hadi mwisho. Na kama ni mzazi unayeombwa ada, soma pia, maana kidokezo cha nne ni chako.

1. Chagua upande wako wa kioo

Studio ya redio iliyokamilika ina kioo katikati. Upande mmoja anakaa mtangazaji, upande wa pili fundi mitambo. Kwenye vituo vidogo kioo hakipo na mtu mmoja anafanya yote, lakini kazi zenyewe bado ni mbili. Yupo na mtu wa tatu ambaye humwoni kabisa: yuko mlimani kwenye mnara, au amelala chini ya meza akifuata waya.

Kozi nazo zimegawanyika hivyohivyo. Uandishi wa habari na utangazaji hukufundisha kutafuta habari, kuandika na kusoma. Uzalishaji wa vipindi hukufundisha kamera, taa, kurekodi na kuhariri. Uhandisi wa elektroniki na mawasiliano hukufundisha saketi, antena, transmita na mitandao. Vijana wengi hujiandikisha kozi ya kwanza kwa sababu ina neno "utangazaji", kisha wanashangaa mwaka unaisha hawajashika hata waya mmoja. Kabla ya kujaza fomu, omba orodha ya masomo ya kila muhula uisome. Jina la kozi ni bango tu, na kinachouzwa dukani ni yale masomo.

2. Fizikia na Hisabati zitakufuata hadi mnarani

Najua uliziogopa. Bahati mbaya ndizo zinazoamua redio inasikika wapi. Nikupe mfano wa nyumbani.

Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na macho yanavyoona: yakikutana na mgongo wa dunia, yanapita juu na kukuacha chini. Mafundi wana kanuni ya haraka. Chukua urefu wa antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Jibu ni kilomita ambazo mawimbi yatafika kwenye ardhi tambarare kabla hayajapotelea juu. Mlingoti wa mita 25 unakupa kilomita 20 na ushee. Wa mita 100 unakupa 41. Umeona? Chuma kimeongezeka mara nne, umbali umeongezeka mara mbili tu.

Sasa pima Kahama na Ushirombo. Kwa mstari mnyoofu ni zaidi ya kilomita 70. Ukitaka kulimaliza pengo hilo kwa mlingoti peke yake, utahitaji zaidi ya mita 290. Hakuna mwenye redio ndogo atakayejenga kitu hicho. Ndiyo maana mafundi hutafuta kilima, au huweka mtambo mwingine wa kupokea na kurusha upya katikati ya safari. Siku utakaposikia watu wanalalamika kwamba "usikivu ni mbovu huku kwetu", wewe utakuwa unatoa daftari na kalamu.

Ya pili ni rahisi zaidi: gawa 300 kwa masafa ya kituo kwa megahezi, upate urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 100 ni mita 3. Robo yake ni sentimita 75, na hiyo ndiyo sababu ile antena ya kuvuta kwenye redio ya bibi hufanya kazi vizuri ikivutwa kufikia urefu wa karibu huo. Bibi hakusoma Fizikia, lakini aliyeitengeneza redio yake aliisoma.

3. Hakiki chuo kabla hujakilipa hata shilingi

Kila matokeo yakitoka, vipeperushi vya vyuo hujaa stendi kama matangazo ya waganga. Cheki mambo matatu.

Kwanza, usajili. Vyuo vya ufundi na vya kati husimamiwa na NACTVET, ambayo zamani iliitwa NACTE. Tafuta jina la chuo na la kozi yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini kozi uliyoahidiwa haimo. Pili, ngazi. NTA 4 ni cheti cha awali, NTA 5 ni cheti cha ufundi, NTA 6 ni stashahada. Mtu akikuahidi stashahada kwa miezi sita, mshukuru kwa muda wake uondoke. Tatu, mitambo. Uliza bila aibu: mwanafunzi anagusa miksa saa ngapi kwa wiki? Kuna kamera ngapi kwa wanafunzi wangapi? Kuna transmita hata ndogo ya kufundishia? Chuo kizuri kitakupeleka ukaione. Kingine kitakuonyesha picha ya studio ukutani.

Baadhi ya majina ya kuanzia utafiti wako: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, ina elektroniki na mawasiliano, na pia stashahada ya teknolojia ya multimidia na filamu. Chuo cha Ufundi Arusha na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya viko upande wa uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya uandishi wa habari, iliyo na redio na televisheni ya Mlimani. Karibu na nyumbani kuna SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, jijini Mwanza, yenye redio yake ambayo wanafunzi hujifunzia. Bagamoyo iko TaSUBa kwa wanaopenda jukwaa, muziki na filamu. VETA nayo usiidharau: kijana mwenye cheti cha umeme au elektroniki huingia kwenye mitambo ya redio kwa mlango wa nyuma, na mara nyingi hukaa muda mrefu kuliko walioingia kwa mlango wa mbele.

4. Kaa na mzee muhesabu yote, siyo ada peke yake

Kwa familia nyingi za huku, ada ni ng'ombe. Basi hesabu kwa ng'ombe, uone zizi litabakije. Usiishie kwenye ada: kuna chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka, na kuna fildi, ambayo vijana wengi huisahau. Miezi ya mafunzo kwa vitendo hulipwi, lakini unakula, unapanga na unapanda daladala. Ongeza hedifoni nzuri, flashi, na multimita. Kompyuta ya mkononi inaweza kusubiri mwaka wa pili, na ya mtumba yenye kumbukumbu ya kutosha inafaa.

Uliza pia kuhusu mkopo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka wako uone kama fani yako imo, na omba mapema, kwa kuwa nyaraka huchelewa kwenye kata kuliko kwenye bodi.

Kuna jambo jingine ambalo mtoto wa Dar hatalielewa. Wakati wewe unasubiri kujibiwa na chuo, rafiki yako yuko duarani, na Jumamosi anarudi na pesa ya dhahabu mfukoni. Atakuuliza unasubiri nini. Usimdharau, na wala usibishane naye. Ukiweza, fanya kazi naye msimu mmoja wa halali na salama, weka akiba ya ada, kisha ondoka tarehe uliyojiwekea. Aliyepanga kuondoka bila tarehe, mgodi humpangia.

5. Simu yako ni studio, sikio lako ni mwalimu

Usisubiri chuo ndipo uanze. Simu ya kawaida inarekodi sauti na picha, na programu za kompyuta zipo za bure: Audacity kwa sauti, OBS Studio kwa matangazo mubashara, DaVinci Resolve kwa video.

Zoezi la kwanza: mrekodi mama akisimulia jambo, mara ya kwanza simu iwe mbali kama hatua mbili, mara ya pili iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja. Sikiliza zote mbili kwa hedifoni. Tofauti utakayoisikia ni nusu ya somo la vipaza sauti.

Zoezi la pili: nenda karibu na karasha la kusaga mawe linapofanya kazi, mhoji mtu. Utagundua kwamba ukilipa karasha mgongo, ukasogea nyuma ya ukuta na kusogeza kipaza sauti karibu na mdomo, maneno yanasikika. Kelele hupunguzwa kwa miguu kabla ya kupunguzwa kwa kompyuta. Ile iliyoingia kwenye rekodi huwa haitoki yote, na ukilazimisha, mtu wako atasikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa.

Zoezi la tatu: tazama kile kipimo kinachopanda na kushuka wakati wa kurekodi. Kilele cha sauti kiache chini ya mwisho, tuseme desibeli 6 chini yake. Sauti ndogo unaweza kuiongeza baadaye, lakini iliyogonga dari imekatwa kichwa na hakuna wa kukirudisha. Na ukirekodi video ukumbini, kumbuka umeme wetu unatembea kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Kama taa zinapepesa kwenye picha, weka kasi ya shata kuwa 1/50 na picha 25 kwa sekunde. Mpiga picha za harusi atakayekuona ukirekebisha hilo atakuita "mwalimu" siku hiyohiyo.

6. Umeme kwanza, muziki baadaye

Uliza fundi yeyote wa redio ya wilayani kinachomnyima usingizi. Hatakutajia vipindi, atakutajia umeme. Ukutani inatakiwa volti 230. Mashine ya kusaga ikiwaka jirani, taa zinafifia, na kompyuta ya studio inajizima katikati ya salamu za wasikilizaji. Umeme ukirudi kwa kishindo, kitu kinaungua.

Kwa hiyo jifunze kupima na jifunze kukadiria. Chukua betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 200. Zidisha, unapata wati-saa 2,400. Betri za asidi hazipendi kumalizwa, hivyo hesabu nusu: 1,200. Kama miksa, kompyuta, vipaza sauti na taa moja vinakula wati 300, kwenye karatasi una saa nne, na ukitoa kinachopotea ndani ya inveta, una tatu na kitu. Transmita haimo humo, hiyo ina tumbo lake na jenereta lake. Kijana anayeweza kumwambia meneja, "Bosi, tukikatikiwa saa moja usiku tutakuwa hewani hadi saa nne," na ikawa kweli, huyo hafukuzwi.

7. Radi haina utani

Hapa nitasimama kidogo. Januari 2025 radi ilipiga Shule ya Sekondari Businda, hapahapa Bukombe, na wanafunzi saba wakapoteza maisha. Hakuna mtu wa wilaya hii anayehitaji kuelezwa kwamba ukanda wa Ziwa Viktoria ni nyumba ya radi. Na mnara wa redio ndio kitu kirefu kuliko vyote mtaani.

Chuoni, somo la athi, yaani kuupeleka umeme ardhini, utaliona linachosha. Lishike kama sala. Mlingoti uwe na athi yake, studio iwe na yake, na zote ziunganishwe pamoja, kwa sababu athi mbili zisizojuana huigeuza mitambo yako kuwa njia ya radi kutoka moja kwenda nyingine. Kebo ya antena iwekewe kinga kabla haijaingia ndani. Upime athi kila mwaka kabla ya mvua, maana nyaya za shaba huoza na huibiwa. Wingu likitanda, hakuna kupanda mnara na hakuna kugusa kebo, hata kama mkurugenzi mwenyewe anapiga simu. Redio ikinyamaza saa moja, itarudi. Wewe huna spea.

8. Usirushe chochote mtaani kwako

Utakuta mtandaoni michoro ya transmita ndogo za FM, na utashawishika kuwarushia majirani muziki. Acha. Masafa ni mali ya umma na hutolewa kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kurusha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hilo ni la kisheria. La kiufundi ni hili: bendi ya FM inaishia megahezi 108, na palepale inapoishia ndipo zinapoanza bendi za usafiri wa anga. Transmita ya kienyeji humwaga takataka nje ya masafa yake, na uwanja wa ndege wa Chato hauko mbali na sisi.

Ukitaka kujaribu, jaribu kupokea. Vipo vipokezi vidogo vya kuchomeka kwenye kompyuta kama flashi, vinavyokuonyesha mawimbi ya FM kwenye skrini, kila kituo kikiwa na kilima chake. Ni vya bei nafuu, na kupokea matangazo ya wazi ya redio hakumdhuru mtu.

Na siku utakapoigusa transmita halali, kumbuka sheria moja: haiwashwi bila antena, au bila mzigo bandia wa kupimia uliofungwa mahali pa antena. Nguvu isipopata pa kutokea hurudi ilikotoka. Naisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilifungua kebo ya antena nisafishe maungio, nikatoka kutafuta kitambaa. Mwenzangu akaingia, akaona mtambo umezimwa, akanisaidia kuuwasha. Transista zikaenda, na kituo kikanyamaza siku mbili. Tangu hapo sifungui kitu kabla sijaning'iniza kibao cha "USIWASHE" na kutia ufunguo wa swichi mfukoni mwangu.

9. Mnara umegeuka kuwa kompyuta

Tanzania ilizima matangazo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata. Watu wengi wanakumbuka adha ya kununua king'amuzi. Kwa mafundi, mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi. Zamani kila kituo cha televisheni kilikuwa na transmita yake. Sasa kituo kinatengeneza vipindi, na kurusha hufanywa na kampuni chache zenye leseni ya kubeba chaneli nyingi kwenye masafa mamoja: Star Media, Agape na Basic Transmissions ndizo zilizoanza. Kazi ya mnara wa televisheni ilihama nyumba. Anayesomea televisheni leo akiwa na ndoto ya kumiliki ufunguo wa transmita ya kituo chake, anasomea kazi ya babu yake.

Kinachotakiwa sasa ni mitandao ya kompyuta. Sauti hutoka studio kwenda mnarani kupitia kiungo cha redio au cha intaneti. Matangazo ya mpira kutoka uwanjani huja kwa simu. Vipindi hupangwa na kuchezwa na programu, na usiku wa manane mara nyingi hakuna mtu studio kabisa. Jifunze anwani za mtandao, jifunze kutengeneza kebo zake mwenyewe, jifunze kuhifadhi nakala za mafaili mahali pawili. Fundi wa zamani alitembea na bisibisi. Wa leo anatembea na bisibisi na kompyuta, na akiacha kimoja nyumbani, siku imeharibika.

Redio yenyewe bado ni FM na itaendelea kuwepo huku kwetu, kwa sababu haihitaji kifurushi. Mzee mwenye ng'ombe porini hanunui data ili asikie bei ya pamba.

10. Fildi fanya kwenye redio ndogo

Wanafunzi wote hukimbilia vituo vikubwa vya Dar. Huko watakupa kiti kona, watakuonyesha studio nzuri, na miezi itaisha ukiwa umebeba stendi za kamera. Si kosa lao: mitambo ya mamilioni haikabidhiwi mgeni.

Rudi huku. Kuna Kahama FM pale Kahama, Storm FM mjini Geita, Radio Faraja ya Shinyanga, na Mwanza kuna Radio Free Africa na Star TV. Ukifuata barabara ya malori hadi Ngara utaikuta Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walipokuwa makambini na familia zilikuwa zinatafutana. Kituo cha namna hiyo kinakukumbusha kwamba waya unaoushika umebeba sauti ya mtu. Siwezi kukuahidi nafasi popote. Nenda na barua ya chuo, vaa vizuri, amkia kila mtu kuanzia mlinzi.

Ukipokelewa, fika kabla ya kipindi cha kwanza. Siku ya kwanza ukiambiwa fagia studio, fagia, na ukifagia fuata nyaya kwa macho, ujue upi unakwenda wapi. Uwe na daftari: saa umeme ulipokatika, joto la transmita, nguvu inayotoka, nguvu inayorudi. Baada ya mwezi, daftari hilo litamwambia fundi mkuu ugonjwa wa mtambo kabla haujalala. Na usibonyeze kitufe usichokijua. Sema, "Kaka, hiki nacho?" Aliyeuliza hupoteza dakika, aliyebonyeza hupoteza kipindi.

Jambo dogo la mwisho hapa: wafundishe watangazaji kuzima maiki. Hakuna kozi ya hilo, lakini utaniambia.

11. Usisome kwa ajili ya mlango mmoja

Tuwe wakweli. Redio za wilayani ni chache, mishahara yake si ya kutangaza, na nafasi ya fundi hufunguka mwenye nayo akihama. Lakini angalia ulichokuwa unajifunza miaka yote hiyo: umeme, betri, athi, antena, mitandao, sauti, kamera. Hesabu sasa ni nani hapa Ushirombo anahitaji vitu hivyo. Kanisa linalotaka spika zisipige mluzi wakati wa mahubiri. Msikiti wenye kipaza sauti kinachokoroma. Wenye maduka na wanunuzi wa dhahabu wanaotaka kamera za ulinzi. Minara ya simu inayohitaji watu wa matengenezo. Migodi mikubwa inayoongoza magari kwa redio za mawasiliano. Wenye harusi wanaotaka ndugu walioko Dar waone mubashara. Nyumba zinazofunga sola.

Ongeza na hii, isiyokuwa na mshahara bado: sauti za huku kwetu hazijarekodiwa vya kutosha. Ngoma za Kisukuma za Wagika na Wagalu, simulizi za wazee wa Kisumbwa, nyimbo za kulima. Matangazo ya redio nchini ni kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo mengi ya hayo hayapiti hewani na hayahifadhiwi. Fundi mwenye kinasa sauti kizuri na Jumapili moja huru anaweza kuhifadhi kitu ambacho wajukuu wake watakitafuta. Omba ruhusa, andika jina la mwimbaji, tarehe na kijiji, na weka nakala mbili.

Na sasa, daftari

Redio ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1951 ilisikika mjini na viunga vyake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ya kwanza kusini mwa Sahara, huku Bara ikisubiri hadi 1994. Kila hatua iliyofuata, kutoka mjini hadi kwenye lile duara lenye redio inayoning'inia, ilipigwa na watu waliopanda milima na nyaya begani. Hawakuwa maarufu. Msikilizaji humkumbuka fundi mitambo siku redio inaponyamaza, na siku hiyo humkumbuka kwa maneno makali. Ukitaka kazi ya kusifiwa, vuka kioo uende upande wa pili.

Kama bado unaitaka hii, usingoje barua ya chuo. Leo jioni tafuta daftari la kurasa mia. Ukurasa wa kwanza andika vituo vyote unavyovipata kwenye redio ya nyumbani, masafa yake, kipi kinasikika safi, kipi kinakoroma, saa ngapi. Zunguka: nyuma ya nyumba, juu ya kichuguu, kando ya barabara kuu. Rudia msimu wa mvua, radi ikiwa haipo. Ukifika chuoni, mwalimu wa antena akiuliza nani amewahi kupima usikivu wa redio, nyoosha mkono.